Kumbaro wa Mnyapara

Kwa miezi minne niliamini kwamba mnyapara wetu ni Mrusi. Alizungumza Kirusi na mafundi wake sita wa marumaru, akatukana kwa Kirusi, na chai yake hakuitia maziwa. Halafu wakaja Waturuki kufunga vioo kwenye jumba tulilokuwa tukijenga Al Wukair, nje kidogo ya Doha, nikamsikia akipiga nao gumzo kwa Kituruki kama majirani. Nikajiambia, kumbe ni Mturuki. Ijumaa iliyofuata nikamkuta kanisani, katika kanisa letu la Kiorthodoksi lililo ndani ya ukuta mmoja na makanisa mengine, karibu na Abu Hamour. Tulipotoka nje nilimuuliza kabila lake. Akajipiga kifua na kunijibu kwa kile Kiingereza chetu cha saiti: "Mimi Mgiriki." Nilicheka.

Hapo nieleze tabia yangu. Mimi nisipoelewa jambo, hucheka. Wengine hukuna kichwa, wengine hunyamaza. Mimi hucheka, na tangu utotoni nimekula makofi kwa ajili hiyo. Mama alikuwa akiniambia mdomo huponza kichwa. Nilidhani ananitisha tu.

Yeye naye alishangaa kunikuta pale. Mtunza stoo Mkenya, ambaye kila asubuhi humpa diski za grainda na gundi ya mawe, amesimama kanisani akiitikia "Kirie eleison", Bwana hurumia, bila kuangalia kitabu. Nikamweleza kwamba kwetu Nyeri babu yangu alikuwa Mworthodoksi, baba pia, na kwamba tulikua na maneno hayo ya Kigiriki yamechanganyika na ya Kikuyu, hata hatukujua lipi ni la nani. Maneno yale yeye alikuwa amejifunza ukubwani.

Habari zake nilizipata vipande vipande, wakati wa mapumziko ya mchana ya kiangazi, tukiwa tumelala juu ya makatoni. Alizaliwa Georgia, kijiji cha milimani, kati ya Wagiriki ambao lugha yao ya nyumbani ni Kituruki. Huko majirani waliwaita Wagiriki. Nchi kubwa ya Wasovieti ilipovunjika, wakafunga virago wakasema wanarudi kwao, Ugiriki, ambako hata babu yake hakuwahi kukanyaga. Walipofika, wenyeji wakawaita Warusi.

"Unarudije mahali ambapo hukutoka?" nilimuuliza.

Akainua mabega. Mimi mchana mzima nilijaribu kuipanga safari hiyo kichwani, nikashindwa.

Nilichokielewa, au nilichodhani nimekielewa, ni jinsi watu wale walivyopata riziki. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika barua ya kuomba kazi. Kila kitu kilipitia kwa kumbaro. Kumbaro ni mtu aliyekusimamia harusi au aliyekubatizia mtoto. Kumbaro wake wa kwanza alikuwa na meza sokoni Thesalonike, ndiyo ile ya kwenye Biblia, akiuza taulo na mashuka. Akampa kona ya meza. Wa pili alikuwa fundi wa marumaru; akamfundisha kukata mawe. Kazi ilipokauka Ugiriki, wa tatu alikuwa ameshafika Doha. Akasema neno kwa meneja, na mnyapara wetu akaja na mkewe. Naye akawavuta wale sita, mmoja baada ya mwingine.

"Neno moja," aliniambia, akiinua kidole. "Basi."

Mimi wakati huo nilikuwa na mzigo wangu. Mdogo wangu alikuwa bawabu kwenye geti la jumba fulani Al Rayyan, anasimama juani kutwa, na kampuni yake ilikuwa imemwambia mkataba hautaongezwa. Kama hakupata kazi nyingine, angerudi nyumbani mikono mitupu. Nikamwomba mnyapara amchukue awe msaidizi wa mafundi. Akakataa.

"Timu yangu ni watu wetu," alisema.

Hakusema kwa ubaya, lakini niliudhika sana. Siku mbili nilimpa diski zilizochakaa, makusudi, na mpya ziko kwenye rafu nyuma yangu.

Kisha mkewe akajifungua mtoto wa kike. Walitaka kumbatiza kabla joto halijakolea, na yule fundi aliyepangwa kuwa kumbaro akasafiri ghafla. Padri akasema atafutwe Mworthodoksi mwingine. Mnyapara akaja mpaka dirisha la stoo, akaninyooshea kidole: "Wewe."

Nilikubali kama mtu anayeombwa kushika mfuko wa mwenzake kituoni. Kwetu, siku ya ubatizo, katekista humshika yeyote aliye karibu na mlango akamwambia, simama na mtoto huyu. Nimewasimamia watoto watatu au wanne ambao leo nikikutana nao siwajui. Nikadhani na huyu ni vilevile.

Nilimpokea mtoto akiteleza mafuta mwili mzima, analia kwa hasira, na nikasema Nasadiki kwa Kikuyu, padri akitabasamu. Jina walisema nichague mimi, ndiyo desturi yao. Sikuwa nimejiandaa. Nikalitaja la kwanza lililonijia, jina la ubatizo la mama yangu. Mama wa mtoto akanishika mikono yote miwili akalia machozi, na mimi nikabaki nikijiuliza nimefanya nini cha kumliza hivyo.

Wiki iliyofuata mdogo wangu akanipigia simu.

"Bro, ulimpea nini huyu mzae?"

"Sijampa kitu."

"Ameniita saiti, amenishika bega ati mimi ni ndugu. Nimeshaanza job."

Nilifurahi hata sikuuliza zaidi. Diski mpya zilitoka kwenye rafu. Kutoka siku hiyo mnyapara aliniita kumbaro mbele ya watu wote, na kila Pasaka aliniletea mayai mekundu kwenye kitambaa. Nilidhani ni wema, na utani kidogo. Mdogo wangu akajua kukata mawe, akajua kuyapanga, na baada ya miaka miwili akapata kazi ya fundi kamili kwenye kampuni nyingine.

Halafu kazi zikapungua. Majumba yakasimama nusu, kampuni ikaanza kupunguza watu, na timu ya marumaru ikawa ya kwanza. Mimi nilibaki kwa sababu stoo haina budi kulindwa.

Ijumaa moja alasiri, mnyapara akaja chumbani kwetu Abu Hamour. Alivaa shati lililopigwa pasi, akashika boksi la haluwa. Mdogo wangu akateleka chai. Mgeni akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akaeleza jinsi mtoto anavyokimbia sasa, kisha akauliza:

"Kumbaro, kwenu kuna mawe?"

"Mawe yapo."

"Kuna watu wanaofanya kazi ya mawe?"

"Wapo."

"Basi. Sema neno."

"Neno gani?"

"Kwa watu wako. Mimi, mke wangu, mtoto. Kazi yoyote ya mawe. Tutakuja."

Ningependa kuandika kwamba nilitabasamu. Nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka nikajipiga goti. Mzungu aje Nyeri kutafuta kazi! Sisi tunaouza ng'ombe ili tutoke, yeye anaomba kuingia! Sikuelewa alichosema, sikuelewa kama ni mzaha, na kila nilipomtazama usoni kicheko kikazidi.

Alisubiri nimalize. Akainywa chai yake yote bila haraka, akaweka kikombe chini.

"Sawa, kumbaro," alisema, akaondoka.

Mdogo wangu alikuwa amesimama na birika mkononi.

"Bro, huyo hakuwa anajoki."

"Mzungu akaombe kazi Nyeri?"

"Na mimi niliipata kwa nani?"

Wiki nzima niliona aibu, na kwa sababu ya aibu sikumpigia simu. Nilijiambia, ningefanya nini? Mimi ni meneja wa nani? Jumamosi nikampigia mjomba wangu, kaka yake mama, anayechonga mawe ya makaburi kando ya barabara karibu na Karatina, kwetu Nyeri. Nilimweleza yote, nikangoja acheke.

"Anajua kukata granaiti?" aliuliza.

"Anajua sana."

"Na kuchonga maandishi?"

"Hayo sijui, mjomba."

"Atafunzwa. Si wewe ulimbatizia mtoto? Si ndiye alimpatia kijana wetu kazi?"

"Ndiye."

"Sasa unaniuliza nini? Mwambie aje. Kale kanyumba ka nyuma kako tupu."

Kumbe lilikuwa neno moja tu. Mambo ya vibali yangetushinda au tungeyashinda, lakini neno lilikuwapo, na lilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Nikachukua teksi siku ileile mpaka kwenye nyumba yao. Bawabu akaniambia waliondoka Jumatano, na masanduku manne na mtoto. Simu yake haikupatikana. Nikawatafuta mafundi wake waliobaki Doha. Mmoja akasema wamerudi Ugiriki. Mwingine akasema wamerudi Georgia. Wa tatu akasema Saiprasi, mkewe ana kumbaro huko. Kila mmoja alisema kwa uhakika, na nikazidi kuchanganyikiwa.

Mahali fulani kuna msichana mwenye jina la mama yangu, na sijui hata anaitika kwa lugha gani. Nimemtumia salamu kwa kila Mgiriki, Mrusi na Mturuki niliyekutana naye.

Mjomba hajui nilivyocheka, sikuthubutu kumwambia. Kila akinipigia, tukishamaliza habari za mvua na za mama, huuliza fundi wangu amekwama wapi, maana watu wanataka kupanga kale kanyumba naye bado anawakatalia.