Mkonge Uliokwepa Nyumba ya Mama

Mimi ni mwalimu wa bayolojia Kitui, na kila mwaka nafundisha seli zinavyogawanyika. Ya mnyama hujibana kiunoni kutoka nje, kama gunia linalofungwa kamba, mpaka ikatike mbili. Ya mmea haiwezi kujibana kwa sababu ina ukuta mgumu. Yenyewe huanza ukuta mpya katikati, nao hukua kuelekea kando. Wanafunzi wangu wanaelewa. Kaka zangu wawili, jameni, walinishinda.

Mwaka jana waliamua kugawana shamba la marehemu baba kule Makueni. Mimi nikaambiwa nije kupika! Nikaenda. Lakini nyumba ya Mama iko katikati ya shamba, kwa hivyo sikunyamaza.

"Anzeni katikati kama mmea," nikawaambia. "Semeni kwanza Mama anabaki kwa nani, ndipo mpande mpaka."

"Mwalimu, hapa si darasani," kaka mkubwa akanijibu. "Chai iko wapi?"

Basi wakaanza kwa nje. Mkubwa akapanda mkonge kutoka barabarani, mdogo kutoka mtoni, ati wakutane katikati. Kila mmoja alipokaribia nyumba ya Mama akakata kona kuingia upande wake, ili nyumba ibaki kwa mwenzake. Mkubwa akadai kwamba kwa mila yetu Wakamba, mama hukaa na kitinda mimba. Mdogo akasema mila ni mila, lakini dawa za presha ni za kifungua mimba kununua. Na hawa wote ni wazee wa kanisa, kazi yao kutuhubiria tuheshimu wazazi! Nilikasirika mpaka ugali ukaungua.

Jioni mistari ya mkonge ilikuwa imepishana. Kati yake kulibaki kipande kisicho cha mtu: nyumba, tangi la maji na michungwa yote ya Mama. Mama akatoka, akatazama huku na kule.

"Kwa hivyo mimi si wa huyu wala wa huyu?"

Mkubwa akamnyooshea mdogo kidole, na mdogo akamnyooshea mkubwa.

"Sawa. Hapa katikati ni pa dada yenu. Yeye ndiye atakaa na mimi."

Nililia pale pale, mwiko mkononi. Kaka zangu nao wakakumbuka ghafla jinsi wanavyompenda mama yao. Mkubwa akashika jembe ang'oe mkonge wake ausogeze. Mdogo akapiga kelele kwamba kitinda mimba ni yeye.

Mama akasimama mbele ya lile jembe.

"Uacheni ushike mizizi," akasema. "Mmeupanda wenyewe."