Sarafu Iliyong'aa Ikanyamaza

Kaka yake fundi saa alikaa nchi za watu miaka ishirini na miwili bila kutuma barua. Aliporudi, kiharusi kilikuwa kimemfunga ulimi na kumlaza mkono wa kulia. Fundi alimpa chumba cha nyuma, akamlisha kwa kijiko wiki tisa. Siku mbili kabla ya kufa, mgonjwa alitoa sarafu chini ya mto, akaitia kiganjani mwa mdogo wake, kisha akashusha mkono wake mzima hadi usawa wa goti la fundi. Akauacha hapo.

"Mtoto?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Yuko wapi, kaka?"

Akaigonga ile sarafu kwa ukucha, mara mbili.

Baada ya mazishi fundi aliipeleka kazini, kwenye meza yake ya kioo mlangoni pa duka la viatu. Ilikuwa nyeusi tii, na ukingoni maandishi yalionekana kwa mbali, madogo kama nyayo za sisimizi. Kwa miaka thelathini hakuwahi kuichunguza saa kabla ya kuisafisha. "Chafu haisomeki," huwaambia wateja. Basi akaipaka dawa ya kung'arishia, akaiweka kwenye gurudumu la kitambaa analoondolea mikwaruzo. Dakika nne tu. Ikatoka inameremeta kama jino la dhahabu.

Alipovaa kioo chake cha jichoni, maandishi hayakuwepo. Upande mmoja alibaki ndege asiye na kichwa. Upande wa pili ulikuwa kipara.

Aliipeleka kwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mwenye kopo la biskuti lililojaa sarafu za kigeni.

"Nani kaisugua hivi?"

"Mimi, Mwalimu."

"Fundi, wewe umemnyoa mtu mpaka masikio." Akazipanga zake mezani, akalinganisha moja moja. "Ndege wa namna hii ninao wa nchi saba. Huyu ana makwao mengi kuliko baharia. Jina la nchi hukaa ukingoni, hapa hapa ulipokazania."

"Hata herufi moja haikusalia?"

Mwalimu aliiinamisha kuelekea dirishani. "Hii huenda ilikuwa A."

"Nchi zenye A ni ngapi?"

"Afadhali uulize zisizo nayo."

Nyumbani, mkewe alijaribu kumtua mzigo. "Labda shemeji alikuwa anaweweseka tu, baba watoto. Akili ilishamhama."

"Alijua saa ya dawa kunishinda mimi," fundi alisema. "Na saa ndiyo kazi yangu."



Sarafu imo kwenye droo, ndani ya bahasha ya saa zinazosubiri wenyewe. Katika daftari la kazi ameiandikia mstari wake kama kitu kingine chochote: gramu sita na nusu, ndege mmoja. Kwenye safu ya mwenye mali aliandika, "Mtoto, usawa wa goti." Kitu kisichofuatwa kwa mwaka mmoja fundi hukifuta daftarini na kukiuza. Mwaka wa kwanza ulipoisha, hakufuta. Wa tatu ulipoisha, alikata neno "goti" kwa rula, akaandika juu yake "kiuno". Juu ya hapo ameacha nafasi ya maneno mawili zaidi.