Shikamoo kwa Sanduku la Manjano

Chuoni walisema nilikosea. Nimeyasikia maneno hayo mpaka nimeyachoka, na jibu langu ni lile lile: sikukosea.

Chuo chetu kilikuwa Changamwe, kando ya barabara ya malori, na vumbi liliingia hata ukifunga madirisha. Nilipokuwa mwaka wa pili walitufungia masanduku ya manjano ukutani, madarasani, maabara na bwenini. Ukipatwa na dharura unabonyeza kitufe, sanduku linakuambia useme shida yako, na maneno yako yanarekodiwa na kupelekwa kwa askari langoni. Siku ya uzinduzi hotuba zilikuwa nyingi. Hakuna aliyetuambia kwamba sanduku husikiliza kwa sekunde kumi tu.

Msichana niliyelala naye chumba kimoja alikuwa na pumu. Wazazi wake ni watu wa bara waliokuja kufanya kazi kiwandani, naye Kiswahili chake kilikuwa cha mitaani. Changu, cha Jomvu Kuu, alikiita Kiswahili cha leso, eti kila neno methali. Tulitaniana kutwa kucha. Alasiri moja tulikuwa tukianua nguo, pumzi ikamkata. Inhela yake ilikuwa imekwisha. Midomo ilibadilika rangi nikiitazama.

Nilikimbilia sanduku, nikabonyeza. Ikatoka sauti ya mama wa makamo, nzito na ya taratibu, mfano wa shangazi yangu: "Karibu. Tafadhali eleza shida yako."

Nikasema, "Shikamoo."

Kisha nikangoja.

Msinicheke. Nimelelewa na bibi ambaye ukimwingilia na haja yako kabla ya kumwamkia, hukuambia utoke nje uingie upya. Sauti ya mtu mzima ilinikaribisha, na ulimi ukafanya ulichofundishwa. Sikusikia marahaba. Nikadhani hakunisikia, nikarudia kwa nguvu: "Shikamoo, mama." Sanduku likalia, na sauti ile ile ikasema, "Ujumbe wako umepokelewa. Msaada unakuja."

Msaada haukuja. Tulimbeba kwa godoro, mimi na wasichana watatu, mpaka barabarani, tukampakia kwenye tuktuk. Hospitalini walimuwahi. Daktari alituambia tungechelewa kidogo tu tungekuwa tunasema mengine. Nililia pale ukumbini kama mtoto, na sioni haya kulisema.

Wiki iliyofuata mkuu wa usalama alituita sote. Alisema mtambo hauna kosa, kosa ni la mtumiaji, kisha akaicheza sauti yangu kwenye spika. Shikamoo. Kimya. Shikamoo, mama. Wanafunzi wakaangua kicheko.

"Hivi ndivyo mtu anavyoweza kuuliwa na adabu," alisema, naye akacheka.

Rafiki yangu, aliyekuwa ametoka hospitali juzi yake, aliketi kando yangu. Yeye hakucheka. Nikasimama. Hasira ilinishika.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba," akaitika bila kufikiri.

"Haya, wewe umeitika. Askari wako waliisikia salamu hii langoni, mara mbili, wakacheka kama mnavyocheka. Mtu anaamkia, sauti inamtetemeka, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kumtafuta, ajue ana nini? Kwetu kutoa salamu ni sunna, kuitika ni faradhi. Wallahi niambie, aliyekosa ni nani?"

Kicheko kilikwisha. Aliniamuru nikae, sikukaa. Nilimwambia siombi radhi, wala sitajifunza kusema na mtu mzima kama ninayefukuza kuku. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mgeni hapa ni mtambo, si mimi.

Nilipewa barua ya onyo kwa utovu wa adabu. Utovu wa adabu, mimi. Barua hiyo ninayo bado na huwaonyesha wageni.

Lakini fundi aliyefunga yale masanduku, mwanamke wa Junda asiyependa maneno mengi, alipanda mpaka chumbani kwetu na daftari lake. Hakunihoji wala hakunipa pole. Aliuliza swali moja tu: ningependa sanduku liseme nini? Nikamwambia.

Mwezi haukuisha, sauti ikabadilishwa. Mama ni yule yule, lakini sasa ukibonyeza anasema, "Marahaba. Uko wapi?" Watu walicheka tena, eti linaitika kabla hujaliamkia. Aliyecheka kuliko wote ni rafiki yangu. "Manze, wamekuwekea nyanya yako ndani ya sanduku," aliniambia.

Muhula uliofuata pumzi ilimkata tena. Mimi nilikuwa darasani, yeye peke yake bwenini, na inhela ilikuwa ndani ya mkoba aliousahau maktaba. Askari wawili walimkuta ameketi chini ya sanduku, mgongo ukutani, wakamkimbiza hospitali. Nilipofika alikuwa kitandani, barakoa ya oksijeni imeteremshwa shingoni. Nilimshika mkono, nikamwuliza aliliambia nini sanduku.

"Bwenini," akajibu. "Nilikuwa na pumzi ya neno moja tu."

"Na hukuamkia?"

"Niamkie nini, na yeye alishaitika?"