Mashilingi ya Mama Mwenye Nyumba

Chuo hakikufunguliwa Januari ile ya ghasia za baada ya uchaguzi, nikabaki chumbani kwangu mtaa wa Mashimoni na daftari la biolojia, nikisoma habari za kuvu zinazoambukiza binadamu. Mama mwenye nyumba, Mnubi mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya reli, alikuwa amewapokea majirani tisa waliochomewa nyumba. Walilala kwake, wakagawana mashuka na taulo. Haukupita muda akatokwa na mashilingi, yale mabaka ya mviringo yanayowasha: moja shavuni, mengine kutoka shingoni hadi mkononi.

"Si wewe ndiye unasoma mambo haya?" akaniuliza. "Basi niponye."

Duka la dawa la kwetu lilikuwa limevunjwa. Barabara zilipotulia kidogo tukaenda kwa miguu hadi Kawangware, kwenye kliniki moja ya mtaa wa Gatina. Daktari akamwandikia tembe za griseofulvini, za kila siku kwa wiki kadhaa, azimeze na chakula chenye mafuta. Hilo la mafuta lilimfurahisha kweli. Asubuhi iliyofuata plot nzima, vyumba vyote vya wapangaji, ilinukia maandazi.

Siku ya sita akasimama mlangoni kwangu amenuna.

"Hizi tembe ni chaki tu. Hebu angalia shavu!"

Nikafungua daftari, nikamwonyesha seli ya kuvu niliyokuwa nimeichora.

"Ona hizi nyuzi ndani, Mama. Ndiyo mifupa yake. Zinashikilia umbo, zinabeba vitu huku na huku, na seli ikitaka kugawanyika iwe mbili, nyuzi ndizo zinavuta vya ndani kila upande. Dawa inazivuruga. Haiui kuvu papo hapo, inaizuia kuongezeka. Ngozi mpya inaota ikiwa na dawa, ile kuukuu inabanduka na kuvu yake."

Akautazama mchoro kwa makini.

"Kwa hivyo imekwama tu hapo ndani, haiendi popote?"

"Ndiyo."

"Kama sisi!" Akacheka mpaka wageni wake wakatoka kuuliza kuna nini. Akawaeleza mwenyewe, kidole juu ya daftari langu, akiongeza mambo ambayo mhadhiri wangu hakuwahi kuyataja. Kisha akaamuru kila shuka lichemshwe.

Tembe hakuziacha hata siku moja. Wiki ya tano shavu lilikuwa safi. Kwa aibu alikuwa hajakanyaga kwa dada yake, mtaa wa Makina, tangu mabaka yaanze. Alijifunga gurbaba yake nzuri, lile vazi la Kinubi, akaenda, akarudi jioni sauti imemkauka kwa kuongea.