Kominike ya Saa Saba

Kitu cha kunishangaza mimi hakijazaliwa. Nilikuwa nasema hivyo mbele ya watu, na nilikuwa na haki. Niliacha shule darasa la tatu, minerval, karo ya shule, ilipokosekana, nikabeba magunia ya ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kwenye bandari ya Kalemie mpaka ngozi ya shingo ikawa ngumu kama ya mamba. Kabla ya kufika miaka makumi tatu nilikuwa na boti yangu, moteri mpya, na watu waliosoma wakaniita Patron. Dhoruba, maaskari, pesa kubadilishwa ghafla: yote niliyaona yakija kwa mbali.

Ila kilichonitajirisha kuliko moteri ni redio, na wenzangu hawakulijua hilo. Katika Zaire ya wakati ule, upande wetu wote ulitega sikio saa saba mchana. Kwanza sifa za Chama, kisha habari za wakubwa, mwisho dakika kumi na tano za makominike: nani amekufa, nani anaitwa kwao, lori gani linaondoka. Makaratasi yalizidi dakika. Aliyechagua lipi lisomwe na lipi lilale alikuwa mtu mmoja, mwandishi wa habari mwenye sauti nzito na suruali moja. Wengine walilipa kwenye dirisha la redio, zaire tano kwa neno. Mimi nilimpelekea samaki nyumbani kwake, migebuka minono, na karatasi yangu ikakaa juu ya zote.

Siku moja aliniambia, "Patron, leta maneno watu watayashika. Saa ya kutoka peke yake haikai kichwani."

Nikamwambia, "Andika hivi: boti yangu haingoji muntu, hata mama yangu mwenyewe."

Alicheka mpaka akashika meza. "Hiyo njo habari!"

Aliisoma Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa hiyo nilipopita sokoni, mama mmoja wa mikate akanipigia kelele, "Papa wa boti! Kweli hata mama yako?"

"Hata yeye, mama. Afike mapema, kama wewe."

Soko likaangua kicheko. Jioni nikasikia mwalimu akimwambia mwanafunzi mchelewaji maneno yaleyale. Mimi wa darasa la tatu nimetunga msemo wa mji! Nilijivuna, siwezi kusema uongo.

Mama yangu aliishi Kiambi, kando ya mto Luvua. Nilikuwa nimempelekea redio, ya kwanza katika mtaa wake, ili asikie jina la mtoto wake.

Jumamosi boti ilitoka kwenda Moba nikiwa ndani. Jumatatu tuliporudi, yule mwandishi alikuwa amesimama bandarini, amevaa koti.

"Pole, Patron," akasema, na kunipa karatasi.

Ujumbe ulifika kwa fonia, redio ya kuitana, ya misioni ya Kiambi. "Mama ni mugonjwa sana. Anakuita. Kuja mbio." Juu yake siku imeandikwa: Jumatano.

Lazima nieleze. Kwetu mtu hatangaziwi kifo akiwa mbali, asije akaanguka njiani. Tunaandika "mugonjwa sana", na kila mtu anaelewa: kwisha, nunua sanda, tafuta lori. Mimi mwenyewe nimewaandikia watu hivyo mara nyingi.

"Mbona hukunipa siku ileile?"

"Niliona 'mugonjwa sana', nikajua ni maiti. Maiti haina haraka, Patron. Nikasema boti itoke kwanza, umeshachukua mizigo ya watu. Leo ningemusoma vizuri, wa kwanza kabisa, na muziki wa kilio. Nilikuchagulia."

Nilikuchagulia. Alilitamka kama mtu anayetoa zawadi.

Kutoka Kalemie mpaka Kiambi nilikaa siku mbili ndani ya lori, juu ya magunia ya chumvi. Nilikuta udongo bado mbichi. Mama alikufa Jumapili. Jumatano ile alikuwa mgonjwa kweli, ugonjwa wenyewe, bila kuficha kitu. Kama ningepewa karatasi siku ileile, ningemkuta.

Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alinieleza tukiwa wima. Hakunipa kiti.

"Tulifungua redio yako kila saa saba, tukaiweka kwenye mukeka wake asikie kama ujumbe umepita. Siku ya kwanza tukasikia maneno yako ya boti. Akasema, 'Ananitania, ndiyo kawaida yake.' Siku ya pili, yaleyale. Siku ya tatu akanyoosha mukono. 'Zimeni. Amenijibu.'"

"Mjomba, sikujua."

"Kiambi muzima tulisikia redio. Wewe unatuletea mudomo tu."

Nikamtolea ng'ombe. Akakataa. Nikasema nitaezeka nyumba yake kwa mabati. Akatema mate pembeni.

"Kilichotoka kwa redio kirudi kwa redio. Tukisikia, utakuja kukaa matanga. Tusiposikia, wewe hauna mama hapa."

Nilirudi Kalemie bila kukaa matanga. Safari hii sikupeleka samaki. Nilipanga foleni dirishani na karatasi yangu: "Mama aliniita kwa redio hii. Sikuenda. Boti yangu ilisomwa mbele yake. Watu wa Kiambi mulisikia vizuri."

Mwandishi akachukua biki nyekundu. "'Kwa redio hii', hapana, mukubwa wangu atanifukuza. 'Ilisomwa mbele yake', hapa unatulaumu. 'Mulisikia vizuri', watu wote wanasikia vizuri, haina kazi." Akafuta, akafuta. Yakabaki: "Mama aliniita. Sikuenda."

"Maneno tatu, Patron. Lakini bei ya chini ni maneno kumi. Ongeza saba."

Nilisimama. Foleni ikaanza kunisukuma mgongoni. "Papa, sema basi, jua linatuua!" Sikupata hata neno moja la kuongeza; nikalipa bei ya kumi.

Ilisomwa Alhamisi, ya mwisho, mbiombio, baada ya baiskeli iliyopotea. Mjomba akatuma fonia: "Kuja." Nikaenda, nikakaa matanga, nikanyolewa nywele pamoja na wengine.

Lakini Kalemie haikusikia hiyo ya pili, au ilisikia ikasahau. Ile ya kwanza ndiyo iliyokaa. Mpaka leo mtu akichelewa bandarini, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wanamzomea, "Hata mama yake!" Hawajui imetoka wapi. Mimi nageuka, na kila mara naona ule mkono ukinyooka kwenye mkeka.

Watu wa ukoo wanasimulia kwamba nilirudishwa kwa ng'ombe na mabati. Waache waseme. Resi ya dirishani, karatasi ya malipo, ninayo: zaire makumi tano, kwa maneno matatu.