Gari Lililokosa Sifa

Ukifika njia panda ya kwenda Mbegani ukaulizia gereji ya Mikdad, muuza mihogo atakuonyesha kwa kisu chake bila kuacha kumenya. Utamkuta Mikdad mwenyewe kwenye kiti cha plastiki, chini ya bati, kofia ya kiua kichwani na redio mapajani. Utamwamkia, utamweleza maradhi ya gari lako, naye atasikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza. Kisha atasema neno analowaambia wote: "Liache. Litatengenezwa." Utaondoka umeridhika. Hutauliza litatengenezwa na nani, maana jina umelisoma kwenye bango.

Ila Mikdad haoni. Presha ya macho ilimchukua jicho la kulia, ikarudi kuchukua la kushoto, na huu ni mwaka wa kumi na mbili hajashika spana. Anayetengeneza ni mdogo wake, Mwaija binti Bwanausi, mzaliwa wa Mlingotini, mama wa miaka hamsini na moja mwenye mikono mipana na mdomo usiolala. Alianza kwa kumletea kaka yake chakula cha mchana, akaendelea kwa kumshikia tochi. Macho ya kaka yalipofifia, akawa yeye ndiye macho: Mikdad anaelekeza, Mwaija anafungua. Siku moja Mikdad alielekeza, Mwaija akamwambia, "Kaka, si hiyo, ni hii," na kweli ikawa ni hiyo aliyoishika yeye. Tangu siku ile Mikdad akabaki na kiti na redio.

Bango halikubadilishwa. Wateja waliomkuta Mwaija uvunguni walimuuliza fundi kaenda wapi, naye akajibu "Yupo," akaendelea na kazi. Usidhani haikumuuma. Ilimuuma sana. Lakini alimpenda kaka yake, na aliona kwamba baada ya macho kuondoka, jina lile bangoni ndilo lililokuwa limebaki.

Alikuwa na desturi moja, nayo tuikumbuke mapema kwa sababu ndiyo iliyomponza. Chumvi ya pwani haina adabu. Inakula chuma kama mchwa anavyokula mlango. Kwa hiyo kila gari lililotoka mikononi mwake alilipaka sifa uvunguni, yale mafuta ya maini ya papa ambayo kwao Mlingotini hupakwa vyombo vya baharini ili mbao zisioze. Hakutoza kitu. Ilikuwa zawadi ya kumuaga mteja. Wateja walikunja pua siku mbili, wakashukuru miaka mitano.

Mwaka jana, masika yalipokwisha, Natalia alileta Altezza yake. Natalia ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya hapa Bagamoyo, binti wa watu wa misheni, mpole wa kusema na mgumu wa kubadilisha nia. Gari alilinunua kwa kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa amelipamba hasa: limeshushwa hadi linakwaruza matuta, bawa kubwa nyuma, taa za bluu uvunguni, spika nne buti nzima, na ekzosi iliyoamsha wagonjwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Hili ni gari au ni ngoma ya harusi?"

Natalia akacheka, kisha akaeleza shida yake. Kule Mapinga kulikuwa na uwanja wa lami wenye kona tisa, na watu walikuwa wameandaa siku ya wanaoanza. Si mashindano. Unakwenda na gari lako la kila siku, unavaa helmeti, unafundishwa kushika kona na kukanyaga breki bila kuhatarisha mtu barabarani. Natalia alikuwa anawafundisha wanafunzi mwendo na msuguano ubaoni miaka sita, na alitaka kuujua kwa mwili wake mwenyewe.

Mwaija akalizunguka gari mara mbili. "Gari hili lina sifa tupu," akasema. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwalimu, unataka kukimbia au unataka kuonekana?"

"Nataka kukimbia."

"Basi tutaanza na kusimama. Anayejua kusimama ndiye anayeruhusiwa kukimbia."

Wiki tatu walifanya kazi. Bawa likang'olewa, spika zikashushwa, taa za bluu zikaishia kwenye banda la kuku la jirani. Gari likainuliwa, likafungwa springi na shokapu zinazolingana. Betri ikafungwa isiyumbe, ekzosi ikanyamazishwa, matairi yakabadilishwa. Mafuta ya breki yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Mwaija akayamwaga yote, akatia mapya yanayostahimili moto. Ndipo ikaja kazi ya kutoa upepo kwenye breki, na hapo Mikdad akaitwa kutoka kitini. Aliingia kwenye usukani kwa kupapasa, akaweka mguu kwenye pedali.

"Kanyaga!" Mwaija alimwita kutoka chini.

"Nimekanyaga."

"Shikilia… achia. Tena!"

Walifanya hivyo gurudumu kwa gurudumu, asubuhi nzima, mpaka Mikdad akasema, "Basi. Sasa inajibu." Mwaija akarudia gurudumu la mwisho mara mbili zaidi, kwa sababu yeye ndiye Mwaija.

Ijumaa moja Natalia alikuja na fomu ya ukaguzi. Akaisoma kwa sauti akiijaza juu ya boneti, akafika kwenye mstari mmoja akainua kalamu. Mstari uliandikwa: jina la fundi aliyeandaa gari, na sahihi yake.

"Andika Mikdad," Mwaija akasema upesi, kwa mazoea.

"Mama, mimi sijamwona mzee Mikdad uvunguni hata siku moja." Natalia akamsogezea kalamu. "Wameuliza fundi. Hawakuuliza bango."

Mwaija akajifuta mikono. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuna karatasi iliyowahi kumuuliza jina. Aliandika polepole, herufi kubwa: MWAIJA BWANAUSI. Akatia sahihi. Moyo ulimwenda mbio kuliko Altezza, na alijua wazi kilichowekwa rehani pale: gari likipita, jina limepita, likikataliwa, mara ya kwanza jina lake kuandikwa itakuwa kwenye karatasi ya aibu. Mikdad, kwenye kiti chake, alikuwa amesikia yote. Aliongeza sauti ya redio.

Jumamosi mchana walimaliza. Gari likawa tayari, safi, halina kelele wala madaha. Mwaija akasimama akalitazama kwa mapenzi, mkono ukajiendea wenyewe kwenye kopo la rafu ya chini. Akafunika diski za breki kwa mifuko, maana hakuwa mjinga, akachukua brashi, akalipaka gari sifa uvunguni kote. Safari hii alipaka mara mbili, kwa ajili ya heshima ya jina.

Jumapili walikwenda watatu. Natalia alikuwa amesali misa ya kwanza. Mikdad alivaa kanzu. Mwaija alivaa baibui jipya la Idi, na ndani yake ovaroli, kwa sababu fundi haliamini gari mpaka lirudi nyumbani. Jua lilikuwa kali, na kufika Mapinga uvungu ulikuwa umepata moto.

Mkaguzi alikuwa mzee mrefu aitwaye Mwishehe, kofia pana kichwani na kalamu mbili mfukoni. Alikagua mikanda, betri, matairi, nati za magurudumu. Kila kitu aliweka tiki. Mwaija alikuwa ameanza kutabasamu pale mzee alipochutama, akanusa, akanusa tena. Chini ya gari, kwenye lami, palikuwa na matone manne ya kahawia. Karibu na ekzosi palifuka moshi mwembamba.

"Fundi ni nani?"

"Mimi."

"Dada, mimi ni mtu wa Saadani. Harufu hii nimezaliwa nayo." Akainuka, magoti yakalia. "Umelipaka sifa."

"Chumvi, mzee wangu…"

"Chumvi naijua. Lakini hapa tone moja la mafuta kwenye kona, gari linalofuata linateleza na mtu wake. Sikuruhusu." Akatoa kalamu, akaandika kwenye fomu kama kanuni ilivyomtaka. Mwaija akasoma juu ya mkono wake: LIMEKOSA SIFA.

Kiswahili nacho kina vituko. Sifa ni zile za kujionyesha, ambazo Mwaija alizing'oa moja moja kwa wiki tatu. Sifa ni vile vigezo vya kukubaliwa mahali. Na sifa ni mafuta ya papa. Gari lilikataliwa kwa kukosa sifa, na kosa lake lilikuwa kujaa sifa. Siku nyingine Mwaija angecheka hadi akae chini. Siku ile alihisi uso unawaka na masikio yanavuma. Yeye aliyemhubiria mwalimu habari za sifa juu ya gari, alikuwa amezificha zake chini yake. Mganga hajigangi.

Mikdad alisogea kwa fimbo yake, akashika ukingo wa meza. "Mkaguzi," akasema, "gereji ni yangu. Bango lina jina langu. Futa hilo la dada yangu, andika Mikdad. Aibu niibebe mimi, nimeshazeeka nayo."

Alisema kwa upendo, na Mwaija alijua ni kwa upendo. Angeweza kukubali; lilikuwa jambo dogo, kalamu ingepita mara moja tu, na Jumatatu mambo yangeendelea kama kawaida.

"Hapana, kaka," akasema. "Breki ni zangu, na sifa ni yangu. Huwezi kuninyang'anya moja ukaniachia nyingine. Mzee Mwishehe, jina liache hapo hapo. Niambie tu lini unakagua mara ya pili."

Mwishehe akamtazama. "Kundi la mwisho linaingia saa nane. Lakini kwenye lami yangu humwagi kitu."

Mwaija alivua baibui, akalikunja vizuri, akampa Mikdad. Gari likasukumwa hadi kwenye mchanga, nyuma ya banda la mama mmoja aliyekuwa anauza chai na chapati. Mama yule alitoa maji ya moto ndoo kwa ndoo, na sabuni ya unga, na brashi ya kusugulia masufuria. Jeki zikapandishwa, gogo likawekwa. Mwaija akaingia uvunguni upande mmoja, na mwalimu wa fizikia akaingia upande wa pili na blauzi yake ya kanisani. Walisugua. Maji meusi yaliwatiririka hadi viwikoni na uvundo wa papa ukawafukuzia wateja wote wa chai.

"Tayari," alisema Natalia, saa saba na nusu.

"Bado," alisema Mikdad. Alikuwa amepiga goti mchangani na kanzu yake nyeupe, pua karibu na bati. Macho hana, lakini pua anayo. "Kushoto, nyuma, pale mhimili unapoingia." Wakasugua. "Na hapo juu ya tangi." Wakasugua. Akazunguka gari lote kwa kunusa, mkono mmoja kwenye bodi, baibui la dada yake chini ya kwapa. Mwishowe akasimama. "Sasa linanuka gari."

Mwishehe alikuja na kitambaa cheupe. Akakipitisha uvunguni kote, akakitoa, akakigeuza huku na huku. Kilikuwa na unyevu tu. Kisha akaingia ndani akakanyaga breki, akakanyaga tena, akatulia kidogo na mguu palepale.

"Upepo kwenye breki hizi alitoa nani?"

"Mimi na kaka yangu."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akachukua fomu ili afute maneno yake ya asubuhi.

"Usifute," Mwaija akasema. "Asubuhi yalikuwa ya uongo. Sasa ndiyo gari limekosa sifa kweli."

Mwishehe alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Chini ya maneno yale akaandika LIMEPITA, akalipigia mstari.

Magari yalipoanza kutoka, sauti kwenye spika za uwanja ilitaja kila moja kwa namba, dereva na fundi. Mwaija alisimama kwenye uzio, ovaroli imelowa, mkono wake kwenye bega la kaka yake. "Gari namba kumi na nne. Dereva, Natalia. Fundi, Mwaija Bwanausi, Bagamoyo."

Machozi yalimtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na sabuni.

"Nimesikia," alisema Mikdad. "Waambie warudie."

Natalia alizunguka mara nane. Hakumpita mtu, wala hakuwa na haja hiyo. Kila alipofika kona ya tano, ile kali, alikanyaga breki palepale alipokanyaga mzunguko uliopita, na gari likainama, likatii, likatoka. Gari moja lenye bawa kubwa lilirudi mapema, breki zimelainika zinafuka. Altezza ilimaliza zamu yake yote, na mwalimu akashuka mbio. Alimkumbatia Mwaija na sabuni yake, na uvundo wake, na yote.

"Mama, linasimama!" alisema. "Linasimama kabisa!"

Jumatatu asubuhi mteja mmoja mgeni alifika gereji na pikapu inayogonga. Alisoma bango, akamwamkia Mikdad, akaeleza maradhi ya gari lake toka mwanzo hadi mwisho. Mikdad alisikiliza. Kutoka uvunguni mwa gari jingine, Mwaija naye alisikiliza, spana mkononi, akisubiri lile neno alilolizoea.

Mikdad akazima redio.

"Liache," akasema. "Mwaija atalitengeneza."