Mafunzo ya Siku Tatu na Dereva wa Treni

Siku tatu zilitosha kunifanya mtaalamu wa akili za watu. Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi wa kawaida katika kituo cha afya hapa Kamina, napima homa na kuchoma sindano. Akaja mkufunzi kutoka Lubumbashi, akatujaza ukumbini na soda za moto, akatufundisha maadili ya kazi: heshima, kusikiliza, kutunza siri. Tuliyarudia kwa sauti kama watoto wa katekisimu. Nikapewa cheti na karatasi ya maswali.

Msimamizi wangu alinipa hata mahali pa kutunzia siri. Alitundika pazia katikati ya chumba cha chanjo. Upande mmoja akina mama na watoto wao, upande wa pili mimi na siri.

Mgonjwa wangu wa kwanza aliletwa na mkewe. Alikuwa dereva wa treni, mtu wa makamo, shati limenyooshwa kwa pasi. Miezi kadhaa hapati usingizi, mkewe alisema, na hataki tena kukanyaga treni. Nikamwomba mke asubiri nje, nikaanza kwa sauti ya upole niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Baba, unasikiaka sauti zenye bantu bengine habasikie?"

"Hapana, mama. Minasikia tu ba mama ba nyuma ya hii rido."

Nyuma ya pazia mtu alicheka. Nikaendelea, maana karatasi haikuwa na nafasi ya kuandika kicheko. Nilipomuuliza kama amewahi kutamani kufa, aligeuka kuangalia pazia. Mama mmoja akamjibia kutoka upande wa pili:

"Baba, usiseme vile, uko na batoto!"

Dereva akasimama, akavaa kofia, akaenda zake. Nikaandika kwa Kifaransa safi kabisa kwamba mgonjwa hakutoa ushirikiano.

Sentensi hiyo ilinikosesha raha wiki nzima. Jumapili, baada ya misa, nikaenda kwao, mtaa wa watu wa reli. Mkewe akatuwekea viti viwili nyuma ya nyumba, akatuacha. Nikatoa karatasi.

"Mama, irudishe kwanza mu sakoshi."

Nikairudisha mkobani. Bila karatasi sikuwa na la kusema, kwa hiyo nilikaa kimya, kwa ustadi mkubwa. Kuku wakapita. Halafu akaanza mwenyewe.

"Kuna muntu alilala pa reli, karibu na Luena. Nikapiga honi. Nikapiga tena. Njo nikaona anainua kichwa, ananiangalia."

Alilia. Nilitaka kumwambia yatapita. Nashukuru mdomo ulikataa. Nikamuuliza tena lile swali la kufa.

"Inanikujiaka," alisema. "Lakini leo hapana."

Tukakubaliana mkewe aambiwe, twende pamoja kwa daktari wa hospitali, nami nirudi kila Jumapili. Nilirudi. Msimamizi alipokagua fomu zangu na kuikuta ya dereva haina majibu, aliniandikia kwamba sina nidhamu ya kazi.

Mvua zilipokwisha, dereva alirudi kazini, si kuendesha bali kutengeneza breki kwenye karakana. Siku moja alinisimamisha sokoni, mbele ya watu wote.

"Mama! Minalala mupaka jua inatoka. Muke wangu akawaza minakufa!"

Aliona ni kichekesho kikubwa. Nilicheka naye, kisha nikageuka kuchagua samaki wa Bukama, mmoja mmoja, ili asione macho yangu.